Chema Chajiuza, Lakini Kwenye Runinga Je?

Mpenzi msomaji, hebu tuanzie sokoni kabla hatujafika kwenye runinga.

Tuseme wewe ni mkazi wa Meru na riziki yako ni mapambo. Usiku watoto wakishalala, unatunga shanga, unakunja waya wa shaba na kupachika ndoana za herini. Asubuhi unapanga kazi yako juu ya kitambaa cheusi karibu na soko la Gakoromone. Mteja anafika, anaokota mkufu, anaupima uzito mkononi, anaujaribu shingoni na kujitazama kwenye kile kioo chako kidogo. Anauliza bei, anashtuka kama ilivyo desturi, mnavutana kidogo, kisha anatoa pesa na kwenda zake akitabasamu. Dada yako aliyeolewa Embu naye anafanya vivyo hivyo karibu na stendi ya magari.

Kisha siku moja simu inalia. Ni mtu wa kipindi cha runinga. Ameona bangili zako, zimempendeza. Anakualika uje na mkusanyiko wako mzima uuonyeshe watazamaji, nambari yako ya simu iandikwe chini ya picha na maagizo yaanze kuingia. Moyo unakudunda kwa furaha. Unawaita wenzako wa chama, nao wanakubali kukukopesha pesa za kununulia shanga za mikufu 200.

Je, uzichukue pesa hizo au uziache?

Makala haya hayaji kukukataza. Runinga imewatoa watu wengi gizani. Lakini wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na biashara ya kioo cha runinga ina hesabu zake ambazo muuzaji wa sokoni hajazoea kuzipiga. Afadhali uzipige leo ukiwa nyumbani kuliko kuzipiga siku ya kurudisha mkopo.

VIFUNGUA MKEBE VILIVYOANZISHA BIASHARA

Huenda ukashangaa kusikia kwamba duka la runinga lilianza kwa deni. Mwaka wa 1977, kituo kimoja kidogo cha redio katika jimbo la Florida, Marekani, kilikuwa kinamdai mfanyabiashara pesa za matangazo. Mfanyabiashara huyo hakuwa na pesa taslimu, akalipa kwa vifungua mkebe 112. Mtangazaji akaambiwa avinadi hewani. Vyote vikanunuliwa. Mwaka wa 1982 wazo hilo likahamia kwenye televisheni, na kampuni iliyozaliwa hapo, Home Shopping Network, ikaenea Marekani nzima mwaka wa 1985. Mwaka uliofuata akatokea mshindani wake, QVC, ambaye mwaka wa 1993 alivuka bahari na kufungua duka lake la runinga huko Uingereza.

Mapambo yalipata nafasi kubwa katika maduka hayo tangu mapema. Sababu si ngumu kuielewa. Mkufu hauna saizi ya kusumbua kama kiatu au gauni, ni mwepisi kutuma, na chini ya taa kali za studio humetameta hata mtazamaji aliyekuwa anasinzia akafumbua macho. Mchekeshaji maarufu Joan Rivers alianza kuuza mapambo yake kupitia QVC mwaka wa 1990 na akaendelea kwa zaidi ya miaka 20. Wadogo nao hawakusahauliwa. Mwaka wa 1995 QVC ilizunguka majimbo yote 50 ya Marekani ikitafuta watengenezaji wadogo wa kuonyeshwa hewani.

Hata hivyo, usidhani kule mtu huingia tu na mfuko wake wa shanga. Kwanza bidhaa hukaguliwa: ndoana huvutwa, rangi husuguliwa, vipimo hulinganishwa na maelezo. Pili, mtengenezaji hutakiwa kuwa na mali ya kutosha kabla ya kipindi, kwa sababu mtazamaji anayepiga simu akaambiwa bidhaa imekwisha hapigi tena. Tatu, mteja asiporidhika hurudisha, na mara nyingi hasara ya kilichorudishwa humwangukia mtengenezaji.

HUKU KWETU MLIMANI

Nchini Kenya, kwa miaka mingi mtazamaji wa Meru au Embu alikuwa na televisheni moja tu, ile ya serikali. KTN ilipoanza mwaka wa 1990 ikawa ya kwanza ya kibinafsi, lakini muda wake wa matangazo ulikuwa wa makampuni makubwa ya sabuni, majani chai na mafuta ya kupikia. Mtunga shanga wa Nkubu au Runyenjes hakuwa na lake pale.

Mambo mawili yalibadilisha hali. La kwanza ni M-Pesa, iliyozinduliwa Machi 2007. Kabla ya hapo, mtazamaji aliyekipenda kitu kwenye runinga hakuwa na njia rahisi ya kumlipa mtu asiyemjua aliye mji mwingine. La pili ni kuzimwa kwa mitambo ya analojia mwaka wa 2015. Nafasi za hewani ziliongezeka, na vituo vya lugha za nyumbani vikapata mlango. Eneo la Mlima Kenya Mashariki, ambalo tayari lilikuwa na redio kama Muuga FM kwa Wameru na Wimwaro FM kwa Waembu, likapata pia runinga zake kama Weru TV na Baite TV.

Hivyo basi, umbali kati ya fundi na kamera umepungua sana. Siku hizi mwenye ploti za kuuza, mganga wa mitishamba na mwimbaji wa nyimbo za injili wote hununua dakika zao hewani na kuacha nambari ya simu chini ya picha. Kwa nini mbunifu wa mapambo asifanye hivyo?

Tena hatuanzi kutoka patupu. Wahunzi wa jamii za Mlima Kenya walivuta nyaya nyembamba na kusuka mikufu ya chuma kabla ya shanga za viwandani kufurika masokoni. Ukitaka kuona mapambo ya wazee wetu, tembelea Jumba la Makumbusho la Meru, lililofunguliwa mwaka wa 1974 katika jengo la zamani la mkuu wa wilaya. Na hata zile shanga za udongo za Kazuri, ambazo Lady Susan Wood alianza kuzitengeneza Karen, Nairobi, mwaka wa 1975 akiwa na akina mama wawili tu, zinajulikana kwa udongo unaotoka sehemu za Mlima Kenya. Wale wawili waliongezeka hadi mamia, na shanga zao zikauzwa ng'ambo. Udongo ni wetu. Kilichohitajika ni mpango.

TUPIGE HESABU

Sasa twaa kalamu, mpenzi msomaji. Nambari zinazofuata ni za mfano, weka zako mahali pake.

Tuseme mkufu mmoja unakula shanga za shilingi 180, na uzi, waya na ndoana za shilingi 40. Kazi yako tuipe shilingi 100. Usiache kuihesabu, maana wengi wetu hujidanganya kwamba jasho letu ni la bure. Jumla ni shilingi 320. Sokoni unauuza 600, unabaki na faida ya shilingi 280. Ukiuza mikufu 20 umeweka kibindoni 5,600.

Upeleke mkufu huohuo kwenye kipindi kwa bei ileile ya 600. Wenye kipindi wanataka theluthi moja, yaani shilingi 200. Kisanduku na mfuko wa kufungia ni shilingi 40. Toa na zile 320 za kuutengeneza. Faida yako imeshuka hadi shilingi 40.

Bado hatujamaliza. Katika mikufu 20, tuseme wateja wawili hawakuridhika. Unawarudishia pesa zao, wenye kipindi nao wanakurudishia theluthi yao, lakini visanduku viwili vimepotea na nauli ya kurudisha kila mzigo, tuseme shilingi 100, ni juu yako. Mikufu 18 iliyokaa ilikupa 720. Ile miwili iliyorudi imekutoa 280. Umebaki na shilingi 440 kwa mikufu 20, na hapo tumechukulia kwamba ile iliyorudi haina kasoro. Kama mkopo wa chama una riba, hizo 440 hazitafika mwisho wa mwezi.

Dawa ya wengi ni kupandisha bei. Kwa shilingi 900, theluthi ya kipindi ni 300, kisanduku 40, gharama 320, unabaki na 240. Hiyo inaeleweka. Lakini jihadhari: mama aliyeagiza kwa 900 akipita sokoni Jumatatu akaukuta mkufu uleule kwa 600, umempoteza yeye na jirani zake wote. Ni heri uwe na mkusanyiko maalum wa runinga ambao hauuzi sokoni, au bei yako iwe moja kila mahali.

MIKONO MIWILI, MAAGIZO MIA

Mtego mwingine ni wa kasi. Sokoni ukiishiwa na mikufu ya samawati, unamwelekeza mteja kwenye myekundu. Runingani mtazamaji ameona samawati na amelipia samawati. Shanga za rangi ile zikiwa zimekwisha kwa mwenye duka, utafanyaje?

Kwa sababu hiyo usipeleke hewani pambo lako zuri kuliko yote ambalo huwezi kulirudia. Peleka lile unaloweza kutengeneza mara hamsini bila kutofautiana, na ambalo mwenzako mwingine anaweza kulitengeneza akifuata mfano wako. Kampuni ya SOKO, iliyoanzishwa mwaka wa 2012 na wanawake watatu, akiwemo Mkenya Catherine Mahugu, ilijijengea jina kwa kuyagawa maagizo kati ya mafundi wengi wa Kenya kwa kutumia simu za mkononi. Fundi mmoja hakubebeshwa mzigo wote. Chama cha akina mama cha Meru au Embu kinaweza kuiga mpango huo kwa kipimo chake: mmoja akate waya, mwingine atunge, wa tatu akague ndoana na kufunga vifurushi. Lakini muwe na kielelezo kimoja kinachokaa mezani, ili mkufu wa Chuka usitofautiane na mkufu wa Siakago.

SI VYOTE VING'AAVYO NI DHAHABU

Hapa nina kisa changu. Miaka kadhaa iliyopita niliagiza mkufu baada ya kuuona ukinadiwa kwenye runinga. Mtangazaji alisema ni wa dhahabu, na chini ya taa zile kweli ulifanana nayo. Niliuvaa harusini, jua likanichoma, na jioni nilikuwa na pete ya kijani kibichi shingoni kana kwamba nimefungwa jani la mgomba. Ulikuwa shaba. Nilipiga ile nambari, haikupatikana.

Shaba si aibu. Ni madini mazuri, na wabunifu wengi wa Kenya wameyapatia sifa. Ikikutana na jasho huweza kuacha rangi ya kijani ngozini, na hiyo hufutika kwa sabuni. Kosa ni kuiita dhahabu. Kenya ina Sheria ya Maelezo ya Bidhaa, Sura ya 505, inayoharamisha kuuza kitu kwa maelezo ya uongo. Iko pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka wa 2012, ambayo inatambua mikataba inayofanywa muuzaji na mnunuzi wakiwa mbali, kama ile ya simu. Mtangazaji anaweza kupambwa na maneno yake, lakini nambari iliyo chini ya picha ni yako. Mwandikie karatasi ya maneno ya kusema: hii ni shaba, hii ni mfupa wa ng'ombe, hizi ni shanga za kioo, hii ndoana ina nikeli na wenye ngozi nyepesi wajihadhari. Mteja aliyeambiwa ukweli harudishi mkufu kwa hasira.

Kisha kuna wanaoiga. Ukipeleka bangili yako hewani Jumapili, usistaajabu kuona ndugu zake sokoni wiki mbili baadaye. Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka wa 2001 inakuruhusu kusajili muundo katika taasisi ya KIPI, ambako unalindwa kwa miaka mitano, na unaweza kuongeza vipindi viwili vya miaka mitano mitano, yaani miaka 15 kwa jumla. Si kila bangili inayostahili gharama hiyo. Lakini kama unao muundo mmoja ambao watu hukutambulia, uliza KIPI kabla ya kamera kuwashwa, si baada.

FUNZO KUTOKA MERERANI

Kabla hatujaagana, tuvuke mpaka hadi Tanzania. Tanzanaiti, lile jiwe la rangi ya samawati na zambarau linalochimbwa Mererani, liligunduliwa mwaka wa 1967, na kampuni ya Tiffany ya New York ikalipa jina mwaka uliofuata. Marekani ikawa soko lake kuu, na maduka ya runinga yakawa miongoni mwa wauzaji wake.

Novemba 2001, miezi miwili baada ya mashambulizi ya New York na Washington, gazeti la Wall Street Journal liliandika kwamba wafuasi wa al-Qaeda walikuwa wanajinufaisha kwa biashara ya jiwe hilo. Tiffany ikasimamisha mauzo, QVC nayo ikasimamisha. Mchimbaji wa Mererani aliyekuwa chini ya ardhi na tochi kichwani hakuulizwa lolote. Mwezi wa Februari 2002, wafanyabiashara na serikali ya Tanzania walikutana huko Tucson, Marekani, wakakubaliana namna ya kuonyesha jiwe linakotoka, na serikali ya Marekani ikasema haikuwa na ushahidi kwamba biashara hiyo bado inawafaa magaidi.

Funzo lake kwako ni kwamba aliye na kioo ndiye mwenye mlango. Anaweza kuufunga kwa sababu usiyoijua na siku usiyoitarajia. Wakati huo sokoni Gakoromone hujawahi kufukuzwa na mteja. Kwa hivyo usiiache meza yako ya soko kwa ajili ya dakika kumi za hewani. Isitoshe, watazamaji wengi wamehamia kwenye simu zao, na hata makampuni yale makubwa ya Marekani yamelazimika kuwafuata huko. Binti yako akiisimamisha simu yake dirishani penye mwanga mzuri, anaweza kuonyesha bangili zilezile moja kwa moja kwenye TikTok bila kumlipa mtu theluthi. Lakini hesabu ya kisanduku, nauli na kurudishiwa ni ileile.

KABLA YA KUSEMA NDIYO

Turudi basi kwa yule mtu wa kipindi aliyekupigia. Mwombe mambo haya, tena kwa maandishi. Je, unalipia dakika hata kama hakuna atakayenunua, au anachukua sehemu ya mauzo tu? Pesa za wateja zinaingia kwenye simu yako au yake, na kama ni yake, utalipwa baada ya siku ngapi? Anayerudisha mkufu anaurudisha kwa nani na kwa nauli ya nani? Picha zako wataendelea kuzitumia kwa muda gani? Akikasirika kwa kuulizwa, umeshapata jibu lako.

Ama kuhusu zile pesa za chama, ushauri wangu ni huu: usichukue za mikufu 200. Tengeneza 20 kwa pesa zako mwenyewe. Sema hewani waziwazi kwamba ni 20 tu, atakayechelewa asubiri wiki mbili. Andika katika daftari nani amelipa, nani ametumiwa, na nani amerudisha kwa sababu gani. Wakirudisha wawili, waulize. Huenda ndoana inafunguka, huenda mkufu ni mfupi kuliko ulivyoonekana. Rekebisha, kisha rudi hewani na 40. Daftari hilo likiwa na kurasa tatu au nne zilizojaa, lipeleke kwenye chama. Wenzako watakuwa wanakopesha biashara waliyoiona, wala si ndoto, na pesa hizo ni karo na mbolea za watu kumi na kitu.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga. Wao waliuza mahali ambapo mnunuzi hukishika kitu kabla ya kukilipia. Yule mama wa Embu anayekutazama kwenye runinga hawezi kuupima mkufu mkononi wala kujitazama kwenye kioo chako kidogo. Analipia neno lako tu. Mfikishie kile alichokiona, siku uliyomwambia, naye atakutafutia wateja ambao hakuna kipindi kitakachokutoza kamisheni kwa ajili yao.